"Msiwaguse masihi wangu": aya hii inamlinda nani, na mchungaji huulizwaje

Mshirika anasimama kwenye kikao cha kanisa na kuuliza kwa nini taarifa ya fedha za ujenzi haijasomwa tangu mwaka jana. Kabla hajaketi, mtu wa mstari wa mbele anamjibu kwa aya: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Ukumbi unanyamaza, ajenda inayofuata inaitwa, na swali la hesabu limezikwa kwa Zaburi.

Aya hiyo ni Zaburi 105:15, na imerudiwa katika 1 Mambo ya Nyakati 16:22. Ni neno la Mungu, na hakuna Mkristo mwenye haki ya kulipuuza. Shida ni kwamba wengi wanaolitamka hawajawahi kusoma aya tatu zilizo juu yake. Matokeo yake yanaumiza pande zote: washirika wanajifunza kuogopa kuuliza, na mchungaji mwema anakosa nafasi ya kujulikana kuwa ni mwema.

Masihi gani, na kugusa kupi

Zaburi ya 105 inasimulia historia ya Israeli tangu agano na Ibrahimu hadi kuingia nchi ya ahadi. Aya ya 9 na ya 10 zinawataja Ibrahimu, Isaka na Yakobo kwa majina. Aya ya 12 inasema walikuwa watu wachache, wa kuhesabika, wageni katika nchi. Ya 13 inasema walitangatanga toka taifa hata taifa. Ya 14 inasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Ndipo inakuja ya 15.

Kwa hiyo masihi wa aya hii, yaani wapakwa mafuta wa Mungu, ni familia ya wafugaji wasio na ardhi wala ufalme, na wanaoambiwa "msiwaguse" ni wafalme wenye askari. Karipio linatoka kwa Mungu, linampiga mwenye nguvu, linamkinga asiye na nguvu. Mwenye kipaza sauti akilitumia kumnyamazisha mjane anayeuliza sadaka yake imekwenda wapi, amelielekeza kule kule ambako Mungu aliweka ngao.

Neno "kugusa" nalo lina habari yake. Kwa Kiebrania ni *naga*, na linarudi katika simulizi zile zile ambazo Zaburi inazikumbuka. Abimeleki mfalme wa Gerari alipomtwaa Sara, Mungu alimwambia katika ndoto, "sikukuacha umguse" (Mwanzo 20:6). Baadaye, Isaka alipokaa Gerari, mfalme alitoa amri kwamba atakayemgusa Isaka au mkewe atakufa (Mwanzo 26:11). Kugusa huku ni kunyang'anya mke wa mtu na kudhuru mwili wake. Maswali hayamo.

Tena soma Mwanzo 20 hadi mwisho. Asubuhi ya pili Abimeleki alimwita Ibrahimu akamhoji: umetutenda nini, nimekukosa nini, uliona nini hata ukatenda jambo hili? Ibrahimu, ambaye Mungu alikuwa ametoka kumwita nabii katika aya ya 7, hakumjibu mfalme kwamba anamgusa masihi. Alijieleza, aya ya 11 hadi ya 13, akikiri kwamba aliogopa na kwamba huo ulikuwa mpango wake na mkewe kila walikokwenda. Kisha katika aya ya 17 akamwombea Abimeleki, na nyumba ya mfalme ikaponywa. Nabii alihojiwa na mtu ambaye hata hakuwa wa agano, akajibu, na huduma yake ya maombi ikafanya kazi baada ya hapo.

Mfano wa pili unaotajwa sana ni Daudi na Sauli katika pango la En-gedi (1 Samweli 24). Daudi alikataa kunyosha mkono wake juu ya masihi wa Bwana, na moyo ukamchoma hata kwa kukata upindo wa vazi tu. Hapo wahubiri wengi husimama. Lakini Daudi alitoka pangoni akamwita Sauli kwa sauti, wakati Sauli ana watu 3,000 nyuma yake, akamwonyesha kile kipande cha nguo na kumwambia kwamba anaiwinda roho ya mtu asiye na hatia. Alimtaja kosa lake hadharani na kumwita Mungu awe mwamuzi kati yao. Mkono aliuzuia, mdomo hakuuzuia. Heshima kwa mpakwa mafuta na kumwambia ukweli zilikaa ndani ya hotuba moja.

Hoja ambayo mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote haitoki katika simulizi, inatoka katika torati. Mambo ya Walawi 4:3 inaanza na maneno haya: kuhani aliyetiwa mafuta akifanya dhambi, hata kuwatia watu hatiani. Kuhani aliyetiwa mafuta, kwa Kiebrania, ni *mashiakh*, neno lile lile la masihi. Sheria ya sadaka ya dhambi inataja kosa lake la kwanza kabisa, kabla ya kosa la mtu mwingine yeyote, na inamtoza ng'ombe dume mchanga, sawasawa na kusanyiko zima likikosa (aya ya 14). Mtawala akikosa analeta mbuzi dume (aya ya 23), na mtu wa kawaida mbuzi jike au kondoo jike (aya ya 28 na 32). Upako ulimpandishia uzito wa kosa, kwa sababu kosa lake linamwagikia wengi. Mungu aliyesema "msiwaguse" ndiye huyo huyo aliyeandika utaratibu wa masihi anapokosa.

Na kwa Agano Jipya mduara umepanuka. 1 Yohana 2:20 inawaambia waumini wote kwamba wamepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu. Tukitaka kuisoma Zaburi 105:15 kwa watu wa leo, basi yule mama anayefagia kanisa yumo ndani yake kama alivyomo mchungaji, na mchungaji anayemwonea anaguswa na karipio hilo.

Na Miriamu je? Na Kora?

Hili ni swali la haki, maana Hesabu 12 na Hesabu 16 zinaonyesha watu walioadhibiwa vikali kwa kumpinga Musa. Tazama walikuwa wanataka nini. Miriamu na Haruni, dada na kaka yake Musa, walianza na habari ya mke wake Mkushi, lakini hoja yao halisi ni ya 12:2: je, Bwana amenena na Musa tu? Kora na wenzake 250 walitaka ukuhani, na Musa akalitaja jambo hilo wazi katika 16:10. Huko ni kugombea kiti alichokiweka Mungu.

Musa huyo huyo aliulizwa na watu wengine bila mtu kumezwa na ardhi. Yethro, mkwewe, alimwambia usoni kwamba jambo analolifanya si jema na litamchosha yeye pamoja na watu (Kutoka 18:17-18), na Musa akabadilisha mfumo mzima wa uamuzi. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani na wakuu wote, wakasema utaratibu wa urithi unawadhulumu. Musa alileta neno lao mbele za Bwana, naye Bwana akasema wamenena sawa, na sheria ikarekebishwa (Hesabu 27:1-8).

Na hata katika kisa cha Kora, angalia kile Musa anachokisema kwa uchungu mbele za Mungu: hakutwaa punda hata mmoja kwao, wala hakumdhuru mtu yeyote miongoni mwao (16:15). Kiongozi aliyekuwa na haki kuliko wote kusema "msiniguse" alitoa hesabu ya punda.

Tofauti hii ndiyo inayopotea makanisani. Anayetaka kiti na anayetaka hesabu huwekwa kapu moja na kuitwa waasi. Anayetaka kiti utamjua kwa kuwa hesabu ikitolewa haridhiki, anahamia jambo jingine. Anayetaka hesabu akiipata hukaa chini.

Mamlaka yapo, ila ni ya namna gani

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia hapo, kana kwamba Maandiko yanamfanya mchungaji kuwa mtumishi wa kuajiriwa asiye na neno. Waebrania 13:17 inasema watiini wenye kuwaongoza, na kuwanyenyekea. Kitenzi cha kwanza kwa Kiyunani ni *peitho*, ambacho hubeba pia maana ya kusadikishwa: ni utii wa mtu aliyefundishwa akaelewa. Sababu inatolewa hapo hapo: hao viongozi wanakesha kwa ajili ya roho zenu kama watu watakaotoa hesabu. Na kabla yake, aya ya 7 imewataka waumini wauangalie mwisho wa mwenendo wa viongozi wao ndipo waiige imani yao. Huwezi kuangalia mwenendo uliofungiwa.

Andiko linalopanga jambo hili vizuri zaidi ni 1 Petro 5:1-4, na linastahili kusomwa polepole. Petro anawaandikia wazee wa makanisa ya Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, nchi ambazo leo zimo katika Uturuki. Angeweza kujiita mtume mkuu. Anajiita mzee mwenzao, kwa neno ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Kisha anasema: lichungeni kundi la Mungu lililo kwenu. La Mungu, lililo kwenu. Mwenyewe ni mmoja, mahali lilipowekwa ni pengine. Aliijifunza sarufi hiyo kando ya bahari, penye moto wa makaa, alipoambiwa mara tatu alishe na kuchunga, na kila mara kiambishi kilikuwa cha Yesu: wana-kondoo wangu, kondoo zangu (Yohana 21:15-17).

Halafu zinakuja "si" tatu. Si kwa kulazimishwa. Si kwa kutaka fedha ya aibu. Wala si kama wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao.

Ya tatu inahitaji kufunuliwa. "Kujifanya bwana" ni kitenzi *katakyrieuo*, kile kile alichokitumia Yesu kuwaeleza wanafunzi jinsi wakuu wa Mataifa wanavyowatawala watu, akaongeza kwamba kwenu haitakuwa hivyo (Marko 10:42-43). Kipo pia katika Matendo 19:16, pale mtu mwenye pepo alipowarukia wana wa Skewa akawashinda hata wakakimbia uchi wenye jeraha. Ukitaka picha ya uongozi ambao Petro anaukataza, ni hiyo: watu wanatoka nyumbani mwako wamevuliwa na wamejeruhiwa.

"Mitaa yao" ni neno *kleros*, yaani fungu ambalo mtu amegawiwa kwa kura. Kutokana na neno hilo baadaye lilizaliwa jina la tabaka la makasisi katika lugha nyingi za Ulaya. Katika Petro, fungu ni waumini, nao wamegawiwa wazee wawatunze. Na "vielelezo", ambavyo Petro anawataka wazee wawe kwa kundi badala ya kuwa mabwana, ni *typos*, alama inayobaki baada ya kitu kugonga. Tomaso alitumia neno hilo kwa alama za misumari mikononi mwa Bwana (Yohana 20:25). Kielelezo ni maisha yaliyogongwa na kweli yakabaki na chapa ambayo wengine wanaweza kuiona.

Nyuma ya Petro kuna Ezekieli 34. Sura hiyo inakuja mara baada ya mkimbizi kuleta habari kwamba Yerusalemu umeanguka (33:21), na inawataja waliosababisha: wachungaji, yaani wafalme na wakuu. Aya ya 4 inaorodhesha waliyoyaacha: hawakuwatia nguvu wenye maradhi, hawakuwaponya wagonjwa, hawakuwafunga waliovunjika, hawakuwarudisha waliofukuzwa, hawakuwatafuta waliopotea. Kisha inataja walilolifanya badala yake: waliwatawala kwa nguvu na kwa ukali. Neno la Kiebrania la ukali huo, *perek*, ndilo lililotumika kueleza jinsi Wamisri walivyowatumikisha Waisraeli (Kutoka 1:13-14). Kundi lilitolewa utumwani, na wachungaji wakaurudisha utumwa ndani ya zizi.

Orodha hiyo ina matumizi ya moja kwa moja. Mchungaji anayetaka kujipima achukue daftari la washirika, apitie jina kwa jina, aandike kando nani anaumwa, nani amevunjika moyo, nani aliondolewa kwa ukali, nani hajaonekana kwa miezi mitatu. Kisha aandike lini mara ya mwisho mtu wa kanisa alimtembelea. Pengo kubwa kati ya tarehe hizo na tarehe za mikutano ya fedha linasema mengi.

Kila swali na mlango wake

Maswali mengi huharibika kwa kupitishwa mlango usio wake. Jambo la nyumbani linapelekwa kwenye kundi la WhatsApp, na la polisi linafungiwa ofisini kwa mchungaji.

Kosa la mtu na mtu, mfano maneno makali aliyokutolea mchungaji, lina hatua za Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mtu mmoja au wawili pamoja nawe, kisha kanisa. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa zaidi, kwa hofu, na ndiyo inayomaliza mengi zaidi. Nenda na tukio moja, siku yake, na maneno yenyewe kama unavyoyakumbuka. Ukienda na "wewe siku zote huwa", hamtafika.

Swali la mafundisho lina mlango mwingine. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ndivyo yalivyo, na Luka akawaita waungwana kwa sababu hiyo (Matendo 17:11). Apolo alipofundisha kwa upungufu, Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi (18:26). Hawakumkatiza sinagogi. Lakini Petro alipojitenga na watu wa Mataifa mezani huko Antiokia, mbele ya macho ya wote na kwa madhara ya wote, Paulo alimkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Kosa lililofanyika hadharani na likavuta wengine lilisahihishwa hadharani.

Shtaka dhidi ya mzee wa kanisa linaongozwa na 1 Timotheo 5:19-21, na aya hizo tatu zinakwenda pamoja. Ya 19 inamkinga kiongozi: usikubali mashitaka ila kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Kinga hii ni ya lazima, kwa sababu anayekemea dhambi za watu hujikusanyia maadui, na uvumi mmoja unaweza kumaliza huduma ya miaka thelathini. Ya 20 inalikinga kanisa: wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Ya 21 inamkinga anayeamua: asifanye neno lolote kwa upendeleo. Kanisa linaloisoma ya 19 peke yake limejenga ngome, na linaloisoma ya 20 peke yake limejenga kichinjio.

Kwa vitendo, shtaka liandikwe, liwe na tarehe na mahali, lipelekwe kwa wazee wasiopungua wawili ambao si ndugu wa mshtakiwa wala hawalipwi kwa saini yake. Mshtakiwa apewe nakala na muda wa kujibu. Asiongoze kikao kinachomhusu, asichague wachunguzi wake, na asihubiri juu ya jambo hilo wakati linachunguzwa. Hili la mwisho linavunjwa sana: mtu anashtakiwa Alhamisi, Jumapili mahubiri ni juu ya Absalomu, mwana aliyemwasi baba yake Daudi.

Mlango wa nne ni wa jinai. Mtoto aliyenajisiwa, mwanamke aliyebakwa, mtu aliyepigwa: mambo haya yanakwenda polisi na hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kikao chochote. Nguo zisifuliwe. Mwathirika asikutanishwe na mtuhumiwa kwa maombi ya upatanisho. Na hapa kanuni ya mashahidi wawili hutumiwa vibaya kwa namna inayoumiza kupita zote, kwa kumwambia mtoto alete shahidi wa pili wa jambo lililofanyika gizani. Torati yenyewe inakataa. Kumbukumbu la Torati 22:25-27 inazungumzia msichana aliyeshikwa kwa nguvu mashambani ambako hapakuwa na mtu wa kumwokoa. Haimdai shahidi, inamlinganisha na mtu aliyeshambuliwa na kuuawa, na inasema hana hatia.

Fedha: Ezra na mizani

Viongozi wengi hukasirika kuulizwa fedha kwa sababu wanasikia neno "mwizi" ndani ya swali. Ezra 8 inaponya hasira hiyo. Ezra alikuwa anasafirisha sadaka kutoka Babeli hadi Yerusalemu bila walinzi. Aliwachagua viongozi 12 wa makuhani, akawapimia mkononi talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha talanta 100, dhahabu talanta 100, na mabakuli 20 ya dhahabu. Kisha akawaambia: ninyi ni watakatifu kwa Bwana, na vyombo hivi ni vitakatifu, vitunzeni mpaka mtakapovipima. Walipofika walipumzika siku tatu, na siku ya nne kila kitu kikapimwa tena nyumbani mwa Mungu mbele ya watu wanne wanaotajwa kwa majina, wawili kati yao Walawi. Vikalingana kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa (8:34). Utakatifu wao ulitangazwa na mizani ikaletwa, pumzi moja.

Paulo alifuata njia hiyo hiyo. Michango ya Yerusalemu ilibebwa na watu waliokubaliwa na makanisa yenyewe (1 Wakorintho 16:3), na Tito akaongezewa ndugu wengine wawili, ili mtu asije akalaumu. Maana walifikiri yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18-22).

Kwa sadaka ya Jumapili utaratibu huo unaonekana hivi. Wahesabu wawe watatu, wasitoke nyumba moja, na wabadilishwe kwa zamu. Mchungaji asiwemo, wala mweka hazina anayeandika vitabu. Vikapu vifunguliwe mbele ya wote watatu, ndani ya kanisa, mara baada ya ibada. Mmoja ahesabu, wa pili arudie bila kuambiwa jibu la kwanza. Fomu iandikwe kwa kalamu ya wino, noti kwa aina zake, sarafu peke yake, bahasha za zaka kwa namba zake, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, saini tatu. Nakala moja kwa mweka hazina, moja kwa mzee asiyeshika fedha. Fedha yote iende benki kama ilivyo siku ya kazi inayofuata, na yule mzee alinganishe risiti ya benki na nakala yake. Sadaka za simu ziingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa.

Mahali panapovuja kwanza ni pale fedha inapotolewa kapuni kabla ya kuhesabiwa. Fundi wa vyombo anadai, mgeni anahitaji nauli, mtu anachota kidogo kwa nia njema. Fedha hiyo haikuandikwa mahali popote, kwa hiyo hakuna mkaguzi duniani atakayeiona, na baada ya miezi sita mkono uliozoea kuchota kwa nia njema hauhitaji tena nia. Hata nauli ya mgeni ihesabiwe kwanza, iandikwe kama mapato, kisha itoke kwa hati ya malipo.

Mtu ataleta 2 Wafalme 12:15, ambapo wasimamizi wa ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Arudi aya tano nyuma. Fedha ile ilikuwa imetoka ndani ya kasha lenye tundu juu, ikahesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wawili kutoka ofisi mbili, kabla haijamfikia fundi.

Swali likifika mlangoni kwako

Sauli na Daudi wote wawili walikuwa masihi wa Bwana, na wote wawili waliambiwa kosa lao na nabii. Sauli alianza kwa kujisifu kwamba ametimiza, akahamia kuwasingizia watu, akafika kwenye "nimefanya dhambi", lakini ombi lake la mwisho lilikuwa aheshimiwe mbele ya wazee (1 Samweli 15:13-30). Daudi, Nathani alipomwambia "wewe ndiwe mtu huyo", alijibu kwa sentensi ambayo kwa Kiebrania ni maneno mawili tu: nimemfanyia Bwana dhambi (2 Samweli 12:13). Hakumtaja Bath-sheba, yule mke wa mtu aliyelala naye, hakuitaja vita, hakutaja uchovu.

Si kila swali litakukuta na dhambi. Mara nyingi litakukuta na uzembe wa kawaida: risiti hazijapangwa, kikao kiliahirishwa mara tatu. Jibu ni lile lile kwa umbo. Sema unachokijua, sema usichokijua, taja siku utakayoleta kilichobaki, na siku hiyo ulete. Usiulize kwanza nani amemtuma aliyeuliza. Na kama ndugu yako anashika hazina, mwondoe kabla hujaulizwa. Wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, walipokea rushwa huko Beer-sheba wakati baba yao mikono yake ni safi, na wazee walipomwambia kwamba wanawe hawaendi katika njia zake (1 Samweli 8:1-5), Mungu alichukizwa na ombi lao la mfalme. Habari ya wana hakuikanusha.

Samweli mwenyewe, akiwa mzee mwenye mvi, aliwakusanya Israeli wote na kusimama mbele yao: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimetwaa punda wa nani? Ni nani niliyemdhulumu? Akaahidi kurudisha. Watu wakajibu kwamba hakuwadhulumu wala kuwaonea, wala hakupokea kitu mkononi mwa mtu yeyote (12:3-4). Akamwita Bwana awe shahidi wa jibu hilo, nao wakasema, yeye ni shahidi. Baada ya hapo, kuanzia aya ya 6, ndipo alipoanza kuwahubiria.